Damu Huongea Ikibanwa, Acheni Kusema Ni Kudeka

Leo hakuna klipu, leo ni ya kusoma. Tafuta kiti.

Chini ya video yangu ya mwisho kuhusu selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtaani tunauita sikoseli, kuna msee aliandika hivi: "Hawa watu hudeka tu. Maumivu gani hayo, leo mtu analia, kesho anacheka?" Komenti hiyo ikapata laiki nyingi kuliko video yenyewe. Jibu lake haliwezi kutoshea kwa kisanduku cha komenti, ndiyo maana nimeandika hii.

Kwanza nijitambulishe kwa wageni. Mimi si daktari. Niliacha kampasi mwaka wa pili, wakati pesa ya karo ilikuwa inaenda hospitalini. Uamuzi ulikuwa wangu na bado nausimamia. Nautaja tu ili ujue kwamba haya yote nimejifunza nikiwa kwa benchi la wodi hapa Kisumu, bando ya usiku imewaka, nangoja sista yangu mdogo apate usingizi. Ana miaka 17 na ana selimundu. Ukikaa kwa hilo benchi usiku wa kutosha, utaanza kuuliza maswali. Langu lilikuwa moja: haya maumivu hutoka wapi hasa?

Nikajipata nasoma kitu ambacho hakuna mwalimu alinifunza. Seli za mwili husikia nguvu. Ukiifinya seli, ukiivuta, ukiisukuma, ukiikunja, haikai tu kama jiwe. Inajibu, na jibu lake huwa ni kemikali inayoachilia nje ili seli jirani zijue kuna kitu kimetokea.

Nipe mfano wa kila siku. Uko kwa matatu ya Nairobi. Pale stage ulikunywa soda, Ahero ukaongeza maji. Kufika Kericho, kibofu kimeanza kukuongelesha, na dereva amesema ni Nakuru ndiyo mtasimama. Nani alikuambia kibofu kimejaa? Ndani ya kibofu hakuna jicho wala mita. Kuna utando wa seli, na mkojo unapozidi, seli hizo huvutwa. Zikivutwa, zinaachilia ATP. Ndiyo, hiyo hiyo ATP ya kidato cha pili, ile tuliambiwa ni nguvu ya seli. Hapa haifanyi kazi ya nguvu, inafanya kazi ya ujumbe. Inaigusa mishipa ya fahamu iliyo karibu, mishipa inapigia ubongo, nawe unaanza kuhesabu kilomita.

Moyo nao hufanya hivyo. Damu ikizidi mwilini, vyumba vya juu vya moyo huvutika, na seli zake zinaachilia homoni inayoambia figo zitoe chumvi na maji. Hiyo iligunduliwa Kanada na Adolfo de Bold mwaka wa 1981. Utumbo ukisukumwa na chakula, kuna seli zake zinazoachilia serotonini ili chakula kiendelee na safari. Mwili mzima unaishi hivyo: msukumo unaingia, kemikali inatoka.

Mimi hufikiria makanga. Matatu inaondoka Kondele, makanga amening'inia mlangoni. Hapigi kelele. Anagonga bodi mara mbili, na dereva, bila kugeuka, anajua twende. Akigonga mara moja, simama. Bati limegongwa, lakini kilichofika kwa dereva ni neno. Seli zako zina makanga.

Makanga mmoja alipewa jina mwaka wa 2010, na mtu aliyempata ana story ninayoipenda. Anaitwa Ardem Patapoutian. Alizaliwa Beirut mwaka wa 1967 kwa familia ya Kiarmenia, akakulia ndani ya vita vya Lebanon, na mwaka wa 1986 akahamia Los Angeles. Kabla ya kuingia chuo huko, alifanya kazi za hapa na pale: kusambaza piza, na kuandikia gazeti la Waarmenia ule ukurasa wa nyota. Baadaye, kwa maabara yake Kalifornia, yeye na mwenzake Bertrand Coste walichukua seli za panya ambazo zikidungwa kidogo na kijiti cha kioo zilitoa mpigo wa umeme. Wakaandika orodha ya jeni zilizoshukiwa, halafu wakaanza kuzima moja moja. Wanazima, wanadunga, umeme upo. Wanazima nyingine, wanadunga, umeme upo. Jeni ya 72 ilipozimwa, seli ikanyamaza.

Protini inayotengenezwa na jeni hiyo waliiita Piezo1, kutoka neno la Kigiriki la kubana. Ni kijilango kwa ngozi ya seli. Seli ikivutwa, kijilango kinafunguka na kalsiamu inaingia ndani mbio. Mwaka wa 2021 Patapoutian alishinda Nobeli pamoja na David Julius, yule aliyeonyesha jinsi mwili unavyohisi joto na ukali wa pilipili.

Sasa turudi kwa damu, kwa sababu Piezo1 iko huko pia.

Seli nyekundu ya damu ni kama sahani ndogo, upana wake maikromita saba au nane. Mishipa midogo kabisa ya mwili, ile inayofikisha oksijeni kwa misuli na mifupa, mingine ni myembamba kuliko seli yenyewe. Kwa hivyo seli lazima ijikunje ndiyo ipite. Hujikunja, hupita, hurudi umbo lake, na hufanya hivyo kwa siku 120 hivi kabla haijachoka na kuondolewa.

Kitu kilichonishangaza ni hiki. Wakati inajikunja hapo ndani, seli nyekundu huachilia ATP. Watafiti walionyesha hivyo kuanzia miaka ya 1990. ATP hiyo inagonga ukuta wa mshipa. Seli za ukuta, ambazo nazo husikia msukumo wa damu inayopita, zinajibu kwa kutoa oksidi ya nitriki, gesi ndogo sana. Gesi hiyo inalegeza misuli inayozunguka mshipa, na mshipa unapanuka. Yaani damu ikibanwa inasema "sogeeni", na njia inasogea. Wanasayansi watatu walishinda Nobeli ya 1998 kwa kuonyesha kazi ya hiyo gesi. Na haya yote yanaendelea kwa kidole chako sasa hivi ukiwa unaskroli.

Kwa mdogo wangu, mazungumzo hayo yanavurugika.

Himoglobini ni ile protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Yake ina tofauti moja ndogo tu: kwenye mnyororo mmoja wa hiyo protini, tofali la sita limebadilishwa. Tofali moja! Lakini himoglobini hiyo ikishaachilia oksijeni, molekuli zake zinashikana na kujipanga kama fito ndefu ndani ya seli. Fito zinaisukuma seli kutoka ndani hadi inakuwa kama mundu, ngumu, haikunjiki.

Seli ngumu ikiingia mshipa mwembamba, mambo matatu yanatokea.

La kwanza, ile Piezo1. Seli ikigeuka mundu ngozi yake inavutika, na kalsiamu inaingia zaidi ya inavyofaa. Kalsiamu hiyo inafungua mlango mwingine unaotoa potasiamu nje, na potasiamu ikitoka, maji yanaifuata. Seli inakauka. Ikikauka, himoglobini iliyobaki ndani inabanana zaidi, na ikibanana inashikana haraka zaidi. Kwa hivyo kubanwa kunaleta ukavu, na ukavu unaleta mundu zaidi. Mathe wetu husema "kunywa maji" mara ishirini kwa siku. Nilikuwa nadhani ni mambo ya wazazi tu. Sasa najua anapigana na hicho kijilango.

La pili, seli hizo hupasuka mapema. Badala ya siku 120 zinaishi siku 10 hadi 20. Zikipasuka, himoglobini inamwagika kwa damu na kuimeza ile oksidi ya nitriki. Sasa makanga anagonga bodi, lakini sauti haifiki kwa dereva. Mshipa unabaki umebana wakati ule ule ulitakiwa kupanuka.

La tatu, seli zinaanza kunata kwa ukuta na kujazana. Mtu wa Kisumu haitaji nimwelezee sana. Umewahi kuenda Dunga siku ambayo upepo umesukuma gugumaji hadi ufuoni? Ziwa bado lina maji, samaki bado wako, mashua ni nzima, wavuvi wako tayari, lakini hakuna kinachotoka wala kuingia. Mashua zinakaa tu. Hivyo ndivyo inavyokuwa ndani ya mfupa wa paja la msichana wa miaka 17. Nyuma ya hilo gugumaji kuna seli hai zinazokosa oksijeni, nazo zinaachilia kemikali zao za kuomba msaada, na mishipa ya fahamu inazisikia. Hayo ndiyo maumivu. Kwa Dholuo maumivu ni rem, na damu ni remo. Zimeachana kwa herufi moja.

Kwa hivyo msee wa komenti, jibu lako ni hilo. Leo analia kwa sababu mshipa umeziba. Kesho anacheka kwa sababu umefunguka. Gugumaji nalo huwa hivyo: upepo ukigeuka, asubuhi unapata ziwa liko wazi, na mgeni akifika hapo atakuuliza, "Mlikuwa mnalalamikia nini?" Kuja na kuenda ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe. Hakuna anayeigiza.

Na vitu vinavyouamsha vinajulikana: baridi, kukosa maji, homa, malaria, kuchoka kupita kiasi. Baridi hubana mishipa. Homa na jasho hukausha seli. Hakuna uchawi hapo. Nasema hivi kwa sababu kuna majirani waliokuja kwetu na majina ya watu waliodhaniwa kutuloga, na kuna mwaka mzima ambao pesa ya dawa ilienda kwa mganga wa upande wa Homa Bay. Alikuwa mpole na alikuwa na maneno mazuri. Mshipa haukusikia.

Sasa niongee kuhusu shule. Kuna shule mdogo wangu alisoma kabla ya hii ya sasa. Kwa sababu ya selimundu, figo zake hazijui kubana mkojo vizuri. Hiyo ni kawaida kwa ugonjwa huu: maji yanapita tu. Kwa hivyo lazima anywe maji mengi, na lazima aende msalani mara nyingi. Mwalimu mmoja akaona ni ujanja wa kukwepa darasa, akamnyima ruhusa. Akafanya ambalo mtoto yeyote angefanya: akaacha kunywa maji. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ile baridi ya alfajiri, wakatolewa nje kukimbia. Akasema hawezi. Akaambiwa hudeka. Alikimbia raundi mbili na nusu. Usiku huo tulikuwa hospitalini na tulikaa siku tano.

Hesabu mwenyewe. Hakuna maji, seli zimekauka. Baridi, mishipa imebana. Mbio, misuli inanyonya oksijeni yote, himoglobini inashikana. Mwalimu hakumpiga hata kofi, lakini alibonyeza kila kitufe. Na najua shule zimejaa walimu wazuri ambao hawajawahi kuelezwa haya. Ndiyo maana naeleza. Kama wewe ni mwalimu, ama utakuwa, ama una mamako ambaye ni mwalimu: chupa ya maji kwa deski, ruhusa ya msalani bila maswali, sweta hata kama si ya sare, na akisema "siwezi", amini. Hiyo haigharimu shule chochote.

Mbona huu ugonjwa uko sana kwetu? Hii pia ina story ya hapa hapa. Mwaka wa 1949 kijana mmoja anayeitwa Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa unaenda Mlima Kenya. Yeye alikuwa anakusanya damu ya watu wa sehemu tofauti za nchi. Akaona kitu cha ajabu: kwa watu wa Pwani na watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa wamebeba jeni moja ya selimundu. Kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi, hata mmoja kwa 100 ilikuwa ngumu kumpata. Pwani na Ziwa zinafanana kwa nini? Mbu. Malaria.

Allison akarudi miaka michache baadaye kuthibitisha, na mwaka wa 1954 akachapisha matokeo. Moja ya majaribio yake lilikuwa na wanaume 30 Wajaluo waliojitolea. Kumi na tano walikuwa wamebeba jeni moja, kumi na tano hawakuwa nayo. Wote wakaambukizwa malaria makusudi. Kwa wasio na jeni, 14 walipatwa na vimelea kwa damu. Kwa waliobeba, wawili tu. Soma hiyo tena polepole. Leo jaribio kama hilo lingezua kelele, na haki ya kuzua kelele ipo. Lakini kila kitabu cha biolojia duniani kinachoeleza kwa nini selimundu ipo kinasimama juu ya damu ya watu wa huku kwetu. Jina la Allison liko kwa vitabu. Majina ya wale 30 sijawahi kuyaona.

Maana yake ni hii: ukibeba jeni moja, wewe ni mzima, na ulipokuwa mtoto ilikukinga dhidi ya malaria kali. Jeni hiyo ilibaki kwetu kwa sababu iliwaokoa mababu zetu. Shida huja mtoto akipata mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Kila mimba, si kwamba ukipata mmoja mgonjwa watatu watakaofuata wako salama.

Moja kwa mama, moja kwa baba. Naandika hivyo kwa sababu kwa miaka mingi mathe alibeba lawama peke yake. Shangazi zangu walisema damu mbaya imetoka kwao. Siku baba alipopimwa naye akaonyeshwa karatasi, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaamka mapema akampeleka mdogo wangu kliniki mwenyewe, na tangu hapo ni yeye huenda. Karatasi moja ilimaliza kesi ya miaka kumi na moja.

Mimi nilipima mwaka huu. Nimebeba. Na kuna msichana nampenda, yeye hajapima bado. Tumeongea, tumekubaliana tutaenda pamoja mwezi ujao, na sijui karatasi yake itasema nini. Nikiwa mkweli, kuna usiku huwa nahesabu hiyo moja kwa nne hadi usingizi unaisha. Kwa hivyo nikiwaambia mkapime, sisemi kama mtu aliyekaa juu ya ukuta akitazama mechi. Niko uwanjani.

Lakini kuna venye sisi huongea kuhusu kupima ambayo lazima nikemee. Kwa ile video, wasee wengi waliandika mambo kama, "Waliobeba wasioane, mbona kuleta mtoto wa kuteseka duniani?" Walimaanisha vizuri. Mdogo wangu alisoma zote. Ana simu, ana macho, na mimi ndiye nilipost. Jioni alikuja jikoni nikiwa nakaanga omena, akasimama mlangoni, akauliza, "Kwa hivyo wanasema mimi singefaa kuwa?"

Nilizima jiko.

Nilimwambia kitu ambacho nawaambia nyinyi pia. Kupima ni ili watu wajue mapema, wapange, na wachague wakiwa wamefungua macho. Wengine watachagua kutooana. Wengine wataoana na wapime mtoto akizaliwa, kwa tone dogo la damu ya kisigino, kabla hajaanza kufura mikono na miguu akiwa na miezi kadhaa. Hayo ni maamuzi ya wenyewe. Lakini hakuna hesabu ya jeni inayofanya mtu aliye hapa kuwa kosa. Huyu ni mtu anayenishinda drafti kila Jumapili, anayeimba akiosha vyombo, anayetaka kusomea sheria ili, kwa maneno yake, ashtaki watu. Unaweza kuuchukia ugonjwa bila kumwonea huruma ya aina hiyo mwenye ugonjwa. Ile huruma inayosema "heri usingezaliwa" si huruma.

Tena mambo yamebadilika. Kuna dawa inaitwa haidroksiurea. Inafanya mwili urudi kutengeneza ile himoglobini ya mtoto aliye tumboni, na hiyo inazuia zile fito zisijipange vizuri. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa watoto Afrika, kituo kimoja kikiwa hapa Kenya, Kilifi, kingine Mbale, Uganda, vingine Kinshasa na Luanda. Watoto 606 walianza kupewa dawa hiyo, na matokeo yakatoka kwa jarida kubwa la udaktari mwaka wa 2019. Vipindi vya maumivu vilipungua zaidi ya nusu. Malaria ikapungua karibu nusu. Vifo vikapungua pia. Mdogo wangu alianza dawa hiyo miaka miwili iliyopita kwa maelekezo ya daktari, anapimwa damu mara kwa mara, na mwaka jana alilazwa mara moja tu. Mara moja! Kuna mwaka alilazwa mara saba. Shida ni kwamba kuna miezi tunazunguka maduka ya dawa matatu kabla ya kuipata, na bei hubadilika njiani. Mkitafuta kitu cha kupigia wanasiasa wetu kelele msimu huu wa kura, hicho hapo, nawapa bure.

Kwa wale mko na mtu nyumbani mwenye selimundu: maji kila wakati, neti kila usiku, sweta kabla hajahisi baridi, na homa si ya kungojea asubuhi, homa ni hospitali usiku huo huo. Kliniki usiiruke hata akiwa sawa. Dawa za maumivu apewe mapema, si mpaka aanze kulia ndiyo muamini. Wengi wao wamejifunza kutolia, kwa sababu wakilia tunawaita watu wa kudeka na wakinyamaza tunasema wamepona.

Na kwa wengine wote: Juni 19 kila mwaka ni siku ya selimundu duniani. Si lazima uvae tisheti. Enda upime, toa damu kama unaweza, kwa sababu kuna siku hawa watu huhitaji damu ya mtu mwingine, na benki ya damu haijawahi kujaa.

Mdogo wangu amesoma hii yote kabla sijaiposti, na amenifuta aya mbili. Halafu akasema niongeze kitu kimoja kwa niaba yake, kwa marafiki zake hasa. Maumivu yakija msimuulize kila dakika tano yamefika ngapi kwa kumi. Mleteeni maji ya vuguvugu, blanketi, na mtu mmoja akae naye. Anaweza kukaa kimya, anaweza kuwa kwa simu yake, haijalishi. Akae tu.

Haya, komenti ziko wazi. Kujeni na adabu, anazisoma.